Fungate Omani: siku nane, vitanda vitatu

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni binti wa Malindi, naolewa mwezi wa Disemba inshallah. Mchumba wangu ni mwalimu, na tumeweka akiba mwaka mzima ili twende fungate nje ya nchi. Tuna siku nane tu. Tumepanga Dubai siku mbili, Istanbul siku tatu, kisha tumalizie Maskati. Mavyaa hapendi, asema fungate ni ya ndani, si ya kwenye ndege. Shoga zangu nao waniambia nisiporudi na picha za Dubai ni kama sikwenda popote. Nasikia wewe fungate yako uliifanya Omani. Tufanyeje, na pesa zisituishie njiani?
Bi harusi mtarajiwa, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu aijaalie ndoa yako iwe ya kheri.

Naanza na mavyaa wako kwa sababu ana hoja, tena nzito. Fungate ni siku saba. Kwetu Lamu bwana na bibi harusi walikuwa hawatoki, chakula kinaletwa kutoka kwa kina bi harusi, na hakuna anayewaomba lolote. Watu wawili waliotoka kwenye kelele za ngoma na mikono ya jamaa mia walipewa wiki nzima ya kujuana. Sasa wewe wataka kuzitia siku hizo kwenye viwanja vitatu vya ndege. Ukihesabu saa za foleni, za kungoja mizigo na za kulala umeketi, siku mbili zimekwenda, na mumeo hujamjua bado ila kwa kukoroma kwake kwenye kiti cha dirishani.

Shauri langu: kaeni nyumbani siku mbili tatu baada ya harusi, mle vya mavyaa, aridhike. Kisha nendeni nchi moja. Mimi ningechagua Omani, na ningelala vitanda vitatu tu kwa usiku wote saba: Maskati usiku tatu, Nizwa au kijiji cha karibu usiku mbili, Sur usiku mbili. Dubai ni nzuri kwa anayekwenda kununua. Nyinyi hamwendi kununua. Na Istanbul ni mji wa kupewa wiki yake peke yake, usiupitie kama kituo cha matatu.

Disemba ni wakati wake hasa. Mchana Maskati ni joto la kupendeza, usiku upepo mwanana. Ukenda Juni utakuta joto la zaidi ya digrii 40, jua linakufukuza ndani tangu saa tatu asubuhi. Kaskazi hii inayovuma kwetu Disemba ndiyo iliyokuwa ikiwaleta Wasuri, watu wa hiyo Sur, Lamu na majahazi yao, wakangoja kusi kuwarudisha na shehena ya boriti. Marehemu babu yangu alikuwa akizipakia. Kwa hivyo mimi nilipofika Omani sikujiona mgeni kamili, na wewe wa Malindi hutajiona.

Lakini kabla ya mazuri, nikwambie lililonikuta, lisikukute. Wakala aliyetukatia tikiti aliandika jina langu kwa jina la mume, kama mke wa fulani. Pasipoti yangu ina jina la baba, kama ilivyo yako. Tulipofika kaunta Nairobi tukakataliwa, ndege ikaondoka, na usiku ule niliulala kwenye kiti cha chuma huku hina yangu haijapoa rangi. Tulilipa upya. Basi tikiti, viza na hoteli, vyote viandikwe herufi kwa herufi kama pasipoti ilivyo, na uvisome mwenyewe kabla ya kulipa. Pasipoti iwe na miezi sita na zaidi mbele yake. Viza ya Omani huombwa kwa mtandao, kwenye tovuti rasmi ya polisi wa nchi hiyo. Msimpe mtu wa kati pesa kwa kazi mnayoweza kuifanya wenyewe. Chanjeni homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa mtu atokaye Kenya huulizwa cheti chake. Chukueni pia cheti cha ndoa na nakala yake, hoteli zingine zitakiuliza.

Kuhusu pesa, riyali moja ya Omani ni kama dola 2.60, na haipandi wala haishuki kwa sababu imefungwa kwenye dola. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 300, kwa bei za karibuni. Riyali ina baiza 1,000, kwa hivyo bei huandikwa na tarakimu tatu nyuma ya nukta. Ukiona 1.500 ni riyali moja na nusu. Mimi mara ya kwanza nilirudisha sahani ya tende nikidhani ni elfu na mia tano. Bebeni dola, mbadilishe mjini na si uwanjani. Soketi za umeme ni za pini tatu kama zetu, saa zao ziko moja mbele, na wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi.

Maskati mlale upande wa Mutrah, karibu na bahari. Jioni mtembee ile njia ya ufukweni tangu soko la samaki, majahazi yametia nanga na milima myeusi nyuma yake. Soko la Mutrah hufungwa adhuhuri na hufunguliwa tena alasiri, basi asubuhi kanyweni kahawa na mrudi jioni. Ndani mna fedha, majambia, ubani, halua inayopikwa kwa zafarani na maji ya waridi. Mume wangu alikuwa amevaa kofia ya vito, ile ya vitundu vya sindano, aliyoshonewa na mamake, na kila duka la kofia tulilopita mwenyewe alitusimamisha kuipindua na kuhesabu vitundu. Wao kofia hiyo huiita kumma, nao wanajua ilikotoka. Mkienda, mchumba wako avae ya kwetu. Itawafungulia milango kuliko dola.

Kiswahili kitakushangaza. Dereva wa teksi alitusikia tukisemezana kiti cha nyuma, akatuuliza kwa lafudhi ya Unguja, "Nyinyi watu wa wapi?" Mamake alizaliwa Unguja. Kuna Waomani wengi namna hiyo, walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970. Alitupeleka kwa mishikaki ya kando ya barabara, nao wanaiita hivyo hivyo. Hata hivyo, kwa teksi ya njiani patana bei kabla ya kufunga mlango, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiarabu.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, nendeni asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, siku isiyo Ijumaa. Ndio wakati wa wageni, na mke na mume huingia pamoja ukumbi mkubwa. Saa za sala utakwenda upande wa wanawake na zulia hutaliona. Zulia lenyewe ni kipande kimoja, mita 70 kwa 60, tani 21, lilifumwa kwa mkono miaka minne. Mimi ni fundi wa kushona, nimeishi na uzi tangu utoto. Nilisimama pale nikalia, na mume wangu hakuniuliza kwa nini. Hilo ndilo nalikumbuka kwenye fungate yangu kuliko picha yoyote.

Nizwa ni kiasi cha saa moja na nusu kwa gari. Pangeni mlale huko usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu Ijumaa alfajiri kuna mnada wa mbuzi. Wanunuzi huketi kwa duara, wauzaji huwazungusha mbuzi mbele yao wakinadi kwa sauti, na saa tatu nne asubuhi umekwisha. Kisha pandeni ngome. Mnara wake wa duara ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati 1650, na mwanawe Saif ndiye ambaye watu wake waliwatoa Fort Jesus mwaka 1698. Nikiwa juu ya mnara ule nilielewa Mombasa kuliko nilivyoielewa shuleni.

Kutoka Nizwa, kijiji cha Misfat al Abriyeen kinafaa kulala. Nyumba za udongo za kale zimefanywa za wageni, mfereji wa maji unapita katikati ya mitende, na usiku husikii ila maji. Vaeni sweta, milimani Disemba ni baridi kweli. Wakisema twendeni mlima wa Jebel Akhdar, jueni kuna kizuizi cha polisi na gari lisiloendeshwa na magurudumu yote manne halipandi.

Juu ya gari: Omani huendesha upande wa kulia. Mume wangu amekulia kisiwa kisicho magari, na kuendesha kwake alikujua Mombasa. Siku ya kwanza tulijaribu wenyewe na tukashuka tunatetemeka, sote wawili kimya. Tukamlipa dereva kwa siku nne zilizobaki, na amani ikarudi. Ikiwa mwalimu wako ni dereva mzoefu, achukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka na aheshimu kamera za barabarani, ziko nyingi. Kama si mzoefu, punguzeni nyota moja ya hoteli mlipe dereva.

Njia ya pwani ya kwenda Sur inapita Wadi Shab, bonde la maji ya kijani kati ya majabali. Unavushwa kwa mashua ndogo, unatembea kiasi cha dakika 45, kisha unaogelea vidimbwi hadi pango lenye maporomoko ya maji ndani. Vaa nguo ya kuogelea ya kujifunika na viatu vya mpira, mawe yanateleza. Na sikia hili kwa makini: pakiwa na wingu milimani, msiingie, hata kama jua linawawakia nyinyi. Maji ya mvua ya mbali huja kwa ghafla na yameua watu katika mabonde ya nchi ile. Siku yetu mwenye mashua alitazama juu akakataa kutuvusha. Tulikasirika. Saa mbili baadaye maji yalikuwa ya rangi ya chai na yanabeba matawi.

Sur ndipo nilipotaka kufika tangu utoto. Karakana ya majahazi bado iko, na mafundi huchonga mbao kwa mkono kama Matondoni kwetu Lamu. Kuna jahazi moja la 1951, Fatah al-Khair, limehifadhiwa nchi kavu ulizunguke na ulione lote. Mzee mmoja pale alinionyesha boriti za dari ya nyumba yake ya zamani, akasema, "Hizi ni za Lamu." Niligusa moja. Kasa wa Ras al-Jinz wako karibu, ila Disemba hupanda wachache. Ziara ni ya usiku, kwa kuweka nafasi mapema, na taa ya simu hairuhusiwi ufukweni.

Picha za Dubai waachie shoga zako. Mavyaa mletee halua na ubani.

SWALI: Bi Mkubwa, ndugu yangu yuko Maskati na ataka kuniletea ubani. Mzuri nitautambuaje, maana hapa sokoni nimeuziwa vumbi?
Wa Langoni, Lamu

JIBU: Mwambie aulizie hojari, utokao Dhofar, kusini mwa Omani. Uwe madonge makavu, unaopitisha mwanga ukiuinua, rangi nyeupe inayoingia kijani. Wa manjano iliyokolea au hudhurungi ni wa daraja la chini, ingawa kwa kufukizia ngazi na choo unafaa. Ukiuchoma ule mweupe una harufu inayokaribia ndimu. Mti hukwaruzwa gamba, utomvu ukatoka mweupe kama maziwa na kuachwa siku kadhaa ugande, na wa mkwaruzo wa kwanza si bora kama wa baadaye. Asiununue uliosagwa tayari.

SWALI: Bi Mkubwa, binti yangu na mumewe hawapati likizo ila Julai. Omani si ataungua?
Mama wa Shela

JIBU: Maskati ataungua, dada yangu. Aende Salalah, huko huko Dhofar. Kusi ile ile inayotufungia bahari Julai ndiyo hupiga milima ya Dhofar, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, ikaleta ukungu na manyunyu, na jangwa likawa kijani. Ni mbali na Maskati, kama kilomita 1,000, kwa hivyo wapande ndege ya ndani, wasijaribu barabara. Nyumba waziweke mapema sana, kwani watu wa Ghuba yote hukimbilia huko kwa baridi. Wachukue mwavuli na viatu visivyoteleza, na pwani ya Mughsayl wasishuke majini kuogelea. Wasimame juu penye mashimo ya mwamba, ambapo bahari hupenya na kuruka juu kama moshi.