Ndege wa kumfugia mtoto: waache wa porini, anza na njiwa

Mkuu, umesema unakaa nyumba ya kupanga Igoma, hapa Mwanza, binti yako anataka ndege, na kuna kijana amekuahidi kasuku wadogo wawili wa kijani kutoka porini kwa bei ya kutupa. Nafuga njiwa hapa Kirumba miaka mingi sasa, na hao kasuku wadogo nimewalea pia, waliozaliwa bandani. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Hao wa porini usiwachukue. Ndio wale ambao wengi tunawaita lavubedi: mgongo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yao ni huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, kuanzia kusini mwa Ziwa Victoria hadi Serengeti na Singida. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa maelfu wakauzwa nje, na porini wakapungua. Kumkamata ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Halafu ndege aliyenaswa mkubwa hazoei mkono. Anajigonga kwenye waya, anasusa chakula, na mtoto wako ndiye atakayemkuta amekufa asubuhi. Hata akija mtu kukwambia wake wamezaliwa bandani, pita kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya umuulize habari za kibali kabla hujatoa hela.

Kwa mtoto, mimi nasema njiwa. Umesema uani kuna ukuta na mwenye nyumba hana neno, basi sanduku la mbao linatosha kuanzia. Lifunge juu ukutani, paka asifike, na mlango uupe mgongo upande wa ziwa, maana mvua ya hapa huja na upepo. Kama ukuta wenu umeegemea jiwe kubwa, lisogeze mbali na jiwe, mchana linashika joto sana.

Nunua jozi changa, waliotoka tu kuanza kula wenyewe. Njiwa mkubwa ukimfungulia anarudi kwa mwenyewe wa zamani. Hao wachanga wafungie kama mwezi hivi, wawe wanaona nje, ndipo uwaachie jioni wakiwa na njaa.

Siku ya kununua usikimbilie kushika. Simama mbali kidogo uwatazame, kwa sababu ndege mgonjwa akiona mtu karibu hujikaza aonekane mzima. Aliyejikunyata manyoya yamefura mchana kweupe, au mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, mwache. Ukimpata uliyempenda, mshike na upitishe kidole kwenye mfupa wa kidari. Usikie nyama pande zote mbili. Mfupa ukiwa umechomoza kama ukingo wa kisu, huyo hajala vizuri muda mrefu. Geuza uangalie chini ya mkia: manyoya makavu, masafi. Pua kavu, jicho limefunguka lote. Kinyesi kiwe kimeshikana na cheupe kidogo juu; kikiwa maji ya kijani, ondoka hata kama bei ni nzuri. Na kama jirani anafuga kuku, njiwa wako wapya wakae mbali nao wiki kadhaa, kwa sababu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinawapata njiwa pia.

Chakula hakisumbui: mtama, uwele, chenga za mahindi, choroko kidogo. Watu wengi wanasahau changarawe. Njiwa hana meno, vijiwe ndivyo vinavyosaga nafaka kwenye firigisi, kwa hiyo weka changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyochemshwa ukayaponda. Maji yabadilishwe kila asubuhi, na mara moja moja wape beseni pana waoge. Parachichi, chumvi na kahawa visiwafikie.

Wakishatulia watataga mayai mawili, na wote wawili wanalalia kwa zamu. Vifaranga hutoka baada ya siku kama 18, na siku za mwanzo wazazi huwalisha uji mweupe unaotoka kooni mwao. Mwonyeshe binti yako hilo kwa mbali, asiwaguse.

Ukimpata wa kununua, weka hapa picha ya macho, kidari na kinyesi kabla hujalipa. Nitakuangalizia.