Tantine, bwana anasema nitie saini ndipo atume dola 5,000

"Tantine, jambo. Niko mama wa watoto watatu, miaka 48, hapa Kamalondo. Na bwana tulifunga ndoa komini mwaka 1999. Mwaka 2003 alipata loteri ya viza ya Marekani, 2005 akaingia jeshi lao. Nilikaa naye Killeen, Texas, miaka saba, kisha nikarudi Lubumbashi kumwangalia mama aliyepooza. Yeye mwenyewe alikubali. Sasa anatimiza miaka 20 ya jeshi mwezi wa nane, anatoka, na ana mwanamke mwingine kule. Ametuma karatasi mbili kwa WhatsApp. Nizitie saini mbele ya notere, atume dola 5,000, tuachane kwa amani. Pensheni, anasema, ni jasho lake, na jeshi la Marekani halinijui. Wakwe wanasema nipokee, eti mwanamke kudai mshahara wa mwanaume ni aibu. Nifanye nini? Mama K."

Mama K., kalamu iweke chini kwanza. Notere hakimbii.

Tuanze na dola 5,000, maana ndizo zinazowatoa wakwe zako mate. Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea dekonti finali: mtu anaacha kazi, anapewa bahasha moja, basi. Tunakumbuka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa kampuni ya madini ya Gécamines walipotoka kwa "départ volontaire", kuacha kazi kwa hiari, na wako mabibi waliosikia habari ya pesa wakati imekwisha kuliwa. Ndiyo maana mtu akitaja 5,000 kwa mkupuo macho yanatutoka. Lakini pensheni ya jeshi la Marekani haina bahasha ya mwisho. Inaingia kila mwezi mpaka mwenyewe afe. Kwa aliyeingia 2005, wanachukua wastani wa mshahara wa msingi wa ile miezi 36 aliyolipwa vizuri zaidi, wanampa asilimia 2.5 yake kwa kila mwaka wa kazi. Miaka 20, nusu ya mshahara. Cheo chake hukuniandikia, basi tuseme pensheni ni dola 2,400. Miaka yote 20 ya jeshi imo ndani ya ndoa yenu. Nusu yako ingekuwa 1,200 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, zile 5,000 ni miezi minne na siku tano.

Sasa hili la "jeshi halinijui". Bwana wako anaongea kama mtu wa 1981. Mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kweli kwamba majaji wa majimbo hawawezi kugawa pensheni ya askari wakati wa talaka. Mwaka uliofuata, 1982, bunge lao likatunga sheria ya kuwaruhusu waigawe kama mali nyingine ya ndoa. Texas ni jimbo la mali ya pamoja: kilichopatikana ndani ya ndoa ni chenu wawili, karibu sawa na "communauté" tunayoijua kwenye Code de la famille yetu. Ila sikiliza vizuri: sheria inaruhusu, hailazimishi. Jaji wa Texas anagawa kwa namna anayoiona ya haki, anaweza kukupa nusu, anaweza kukupa pungufu. Na kama hukumu ya talaka haikutaja pensheni, ofisi inayolipa, wanaiita DFAS, haitakutumia hata senti.

Ofisi hiyo inakulipa wewe moja kwa moja, bila kupitia mfuko wa bwana, ikiwa ndoa ilidumu angalau miaka 10 iliyoenda pamoja na miaka 10 ya jeshi. Wewe una 20. Haipiti asilimia 50 kwa mgawo wa mali. Avoka wako anapeleka hukumu pamoja na fomu DD 2293, na malipo yanatakiwa kuanza ndani ya siku 90 tangu waipokee, ikiwa bwana ameshaanza kupokea pensheni. Kuolewa tena hakukatizi fungu hilo, mradi hukumu yenyewe isiseme hivyo.

Nimeziangalia zile picha za karatasi ulizonitumia, nikazikuza mpaka simu ikapata moto. Ya kwanza juu imeandikwa "Waiver of Service". Ukiitia saini unasema: habari ya kesi nimeipata, hakuna haja ya mtu wa mahakama kuniletea. Mpaka hapo si dhambi. Lakini soma mistari ya chini: unakubali pia kesi iendelee bila kukuita tena. Hapo ndipo jaji atasikiliza upande mmoja, na pensheni itaishia kwa mwenye kuongea.

Ya pili ndiyo iliyonikasirisha. DD 2656. Hiyo haina uhusiano na "kuachana kwa amani" hata kidogo. Ni fomu ya askari anayeingia pensheni, na ndani yake kuna kitu kama bima: pensheni inakufa na mwenyewe, pamoja na fungu lako, lakini bima hii inaendelea kumlipa mjane asilimia 55 ya kiasi kilichowekewa bima. Askari mwenye bibi hawezi kuikataa peke yake. Lazima bibi akubali kwa saini, mbele ya notere. Umeona sasa kwa nini notere anatafutwa? Kwenye picha yako kisanduku cha kukataa kimekwisha kutiwa alama, x ndogo nzuri, na chini yake mstari mtupu unakungoja wewe. Faida yake ni kwamba hatakatwa ile asilimia 6.5 ya kila mwezi. Usipotia saini, bima inaingia yenyewe, kamili, kwa jina lako kama mke.

Na hata ukishinda hapo kuna mtego mwingine. Siku ya talaka unaacha kuwa mke, bima inakutoka. Ili ubaki ndani kama mke wa zamani, hukumu iseme hivyo, na wewe mwenyewe umwandikie DFAS ndani ya mwaka mmoja tangu hukumu, fomu DD 2656-10, usimngojee yeye. Mwaka ukipita, wamefunga mlango. Bima hii, tofauti na fungu la pensheni, inasimamishwa ukiolewa tena kabla ya miaka 55. Sikufundishi kuolewa, nakwambia tu.

Jingine: kwa nini ana haraka mwezi wa nane haujafika? Mke aliyetimiza miaka 20 ya ndoa, mumewe miaka 20 ya jeshi, na miaka 20 hiyo ikiwa pamoja, anabaki na matibabu ya jeshi hata baada ya talaka, mpaka aolewe tena au apate bima ya kazini. Talaka ikitoka wiki moja kabla, unapoteza haki hiyo kamili. Pengine hajui. Mimi nadhani anajua.

Usikimbilie mahakama ya hapa, Tribunal de paix, kwa ajili ya pensheni. DFAS inapokea hukumu ya mahakama za Marekani. Ya nchi nyingine ni pale tu nchi hiyo ina mapatano na Marekani ya kuheshimu hukumu zake. Ya hapa itakusaidia kwa parsele, ikiwa mnayo, maana bila mkataba mwingine wa ndoa kilichonunuliwa baada ya 1999 ni chenu wawili. Pensheni ipiganie Texas, na avoka wa Texas. Wako wanaozoea kesi za askari, na wengi wanaongea na mteja kwa video. Pesa ikikosekana, anza na tovuti ya TexasLawHelp, ni ya bure. Muulize avoka pia kuhusu pesa za ulemavu za VA, ofisi ya Marekani ya askari wa zamani: hizo hazigawiwi, na Mahakama Kuu ilikaza tena mwaka 2017. Askari akipewa ulemavu chini ya asilimia 50, sehemu ya pensheni inageuka kuwa pesa ya VA, na fungu lako linapungua pamoja nayo.

Ikitokea mtu amekuletea karatasi rasmi za mahakama, andika tarehe pale pale. Texas wanahesabu siku 20, kisha Jumatatu inayofuata, saa nne asubuhi kwa saa zao, jibu liwe limefika.

Aibu? Mama, uliniandikia kwamba alipopelekwa vitani mara mbili ulibaki na watoto watatu kwenye baridi ya mwezi wa kwanza, ukisuka nywele za watu jikoni ili upate ya maziwa. Waulize mabibi wa Camp Vangu kama bibi wa askari anakaa bure. Wakwe zako walikuwa wanapokea Western Union wakati huo, hawakuuliza jasho ni la nani.

Leo usiku mjibu hivi tu: "Karatasi nimeziona. Avoka wangu atakuandikia." Usiongeze neno, na sauti usitume. Tafuta acte de mariage ya komini, na ile kadi ya jeshi unayoifungia ndani ya Biblia, hata kama muda wake umepita. Zipige picha, umtumie mtoto wako mkubwa azihifadhi. Na shangazi wa bwana akija Jumamosi kukushauri, mpe kiti, mpe maji, mpe bukari kama ipo. Simu yako iache chumbani.