Maswali yenu kuhusu Tabora: shule, tembe na sarafu ya tembo

Wazee husema Tabora ni mji wa wasomi. Sifa hiyo ilitoka wapi? (Msomaji wa Nzega)

Ilianza kwa upendeleo. Mwaka 1922 Waingereza walifungua hapa shule ya serikali kwa ajili ya watoto wa machifu, wapate watawala wa kuwasaidia kazi. Ndiyo Tabora Boys ya leo. Mwaka 1937 akaingia Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alipomaliza Makerere alirudi Tabora kufundisha shule ya misheni ya St Mary's, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Januari 1958 akaja tena na wajumbe wa TANU. Wengi walitaka kuususia uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwishowe wakakubali kushiriki, na uamuzi huo ukaitwa wa busara.

Kinachonichekesha ni hiki: shule ya kuwaandaa machifu ilimlea mtu ambaye serikali yake ilikuja kuufuta uchifu mwaka 1963. Ukitaka kuitembelea, pita kwanza ofisini kwa mkuu wa shule. Wanafunzi wamo madarasani.

Tembe la Kwihara ndipo Stanley alipomkuta Livingstone? (Msomaji wa Dodoma)

Hapana. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari na mpelelezi Livingstone, alimkuta Ujiji mwaka 1871. Kwihara, kijiji karibu na Tabora, walifika pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi. Nyumba unayoiona imejengwa upya, lakini inafaa kuonwa.

Ila nina neno na wageni wetu. Wanakwenda Kwihara, wanapiga picha, wanarudi stesheni bila kuuliza habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Huyu Wajerumani walipoivunja ngome yake, Januari 1893, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Mtu wa namna hiyo hakustahili kuwa nyuma ya mgeni aliyekuwa akingoja wapagazi.

Miembe ya Tabora ilipandwa na nani? (Msomaji wa Urambo)

Mapokeo yanaitaja misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani. Nakubaliana nayo.

Nimeletewa sarafu ya 1916 yenye herufi T. Muuzaji anasema ni dhahabu ya Tabora. Ninunue? (Msomaji wa Kigoma)

Tazama picha kwanza. Vita vilipowakatia Wajerumani njia ya baharini, walipiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Ya dhahabu ni ya rupia 15: upande mmoja tai, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Lakini walipiga pia sarafu ndogo za shaba, za hela 5 na hela 20, nazo zina T na mwaka huohuo. Yako ikiwa na taji na haina tembo, umeletewa shaba. Ikiwa na tembo, mpelekee sonara aipime kabla hujatoa hata senti, maana za kuigiza nazo zipo.