Binamu kuhama chuo Marekani: jibu langu kwa shangazi na wote mliouliza

Shangazi, shikamoo. Shikamooni wakubwa wote, na wadogo habari zenu.

Nimesikiliza ujumbe wote wa sauti mlioutuma kwenye kundi la familia tangu binamu, anayecheza kikapu cha chuo huku Marekani, aseme anataka kuhama chuo. Shangazi unaogopa kuhama kutamharibia masomo. Baba mdogo unasema ni kukosa shukrani kuwaacha watu waliomtoa Mwanza, wakamleta Marekani na kumlisha na kumsomesha bure. Na nyie vijana mmeona kwenye simu kwamba mchezaji wa chuo akihama anapewa mamilioni ya dola, mnataka kujua wa kwetu atapata ngapi. Nimecheza kikapu cha chuo huku, nimehama mara moja, na sasa naishi Lexington, Kentucky, mji ambao siku ya mechi ya chuo barabara za katikati hazipitiki. Nitawaambia kama ilivyo.

Baba mdogo, nianze na wewe, kwa sababu maneno yako ndiyo yaliyomuumiza kijana zaidi. Ufadhili wa michezo kwa kawaida huandikwa mwaka hadi mwaka. Kocha akipata mchezaji mrefu zaidi, kijana ataitwa ofisini mwezi wa nne, ataambiwa kwa sauti ya upole kwamba ingekuwa vizuri akaangalia kwingine. Hakuna anayemwita kocha huyo mtovu wa shukrani. Kocha John Calipari alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky miaka 15, akawapa ubingwa wa 2012, na mwezi wa nne 2024 akahamia Arkansas, timu inayocheza na Kentucky kwenye ligi hiyo hiyo. Watu wa hapa walinuna, maisha yakaendelea. Kijana wetu amewafanyia kazi hao waliomleta. Ameamka alfajiri kunyanyua vyuma, amesafiri kwa basi usiku kucha, amecheza na kifundo cha mguu kilichovimba. Ufadhili ule ameulipia kwa jasho. Akiaga kwa heshima, akawashukuru kwa mdomo wake na si kwa ujumbe wa simu, hana deni.

Sheria nazo zimebadilika sana tangu nilipohama mimi. Wakati ule ukihama ndani ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, ulikaa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Unafanya mazoezi na wenzako kila siku, unapigwa viwiko kama wao, halafu siku ya mechi unavaa shati la kola na kukaa nyuma ya benchi. Wakisafiri, unabaki bwenini. Mwaka ule uliwavunja wengi. Mwaka 2018 ikaja potali ya uhamisho, mtandao ambao jina lako likiingizwa makocha wote nchini wanaliona. Mwaka 2021 ikaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na 2024 kikomo cha mara ngapi kikaondolewa, mradi masomo yako yawe sawa. Ndiyo maana mwaka 2025 wachezaji wa kiume zaidi ya 2,000 wa daraja la kwanza waliingia kwenye potali, na daraja lenyewe lina timu mia tatu na sitini na kitu. Jihesabieni wenyewe. Soko limejaa, na wapo wengi wanaoingia humo wakabaki bila chuo, kwa sababu ukishatoa taarifa ya kuondoka, chuo chako kinaruhusiwa kukukatia ufadhili muhula ukiisha.

Kwa hiyo swali langu kwa binamu halikuwa kama kuhama ni halali. Nilimuuliza: huko unakokwenda, kuna nafasi ya kile unachokifanya wewe?

Nitawaeleza kwa mtu ambaye Kiswahili ni lugha ya mji wake. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, akaja Marekani akiwa kijana mdogo, akasoma sekondari Virginia kisha Pennsylvania. Mwaka 2019 akaingia Chuo Kikuu cha West Virginia. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 11.2 na ribaundi 9.3 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye, mwanzo mzuri mno. Msimu wa pili ukashuka: baada ya mechi kumi, pointi 8.5 na ribaundi chini ya nane. Hakuwa ameugua wala kusahau mpira. Pale chini ya kikapu alikuwepo Derek Culver, naye mkubwa, naye anataka eneo lile lile. Wakubwa wawili wakisimama sehemu moja, mabeki wa upande wa pili wanajazana hapo hapo, na hakuna anayepumua.

Januari 2021, katikati ya msimu, akaondoka na kuja hapa Kentucky. Nusu msimu ule hakucheza, alifanya mazoezi tu. Novemba 2021, mechi yake ya kwanza, dhidi ya Duke kwenye Madison Square Garden, akachukua ribaundi 20. Mwezi uliofuata akachukua 28 dhidi ya Western Kentucky, rekodi ya Rupp Arena, ukumbi wa nyumbani wa Kentucky. Akamaliza msimu na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani.

Mikono ilikuwa ile ile na urefu ule ule. Kilichobadilika ni waliomzunguka na kazi aliyopewa. Kellan Grady, aliyetoka Davidson, alikuwa anarusha kutoka mbali, kwa hiyo beki wake hakuthubutu kumwacha aje kumbana Oscar. Sahvir Wheeler, aliyetoka Georgia, aliuleta mpira kwa kasi. Hao nao walikuwa wamehama! Oscar akaachiwa eneo la chini karibu peke yake, na kazi yake ikaeleweka na kila mtu ukumbini: mpira wowote unaokosa ni wako. Hiyo ndiyo nafasi niliyomuuliza binamu. Si suala la kupendwa na kocha.

Lakini sitaki mmeze nusu ya habari. Machi 2022, raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16, na Kentucky ikafungwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey ambacho wengi walikuwa hawajawahi kukisikia. Mwaka 2023 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, siku ambayo timu za NBA, ligi kubwa ya kulipwa, huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Indiana Pacers ndio waliompa mkataba wa njia mbili, ule wa kucheza huku na huku kati ya NBA na ligi ya chini yake. Na Oscar alikuwa bora nchi nzima. Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya mwaka 2009 akitokea chuo cha Connecticut, ana urefu wa mita 2.21. Binamu hana mita hizo, na kuhama hakutampa. Kuhama kunaweza kumpa dakika za kucheza na shahada. Hayo mawili ndiyo ninayoyapigania kwa niaba yake.

Sasa niwaonyeshe wiki za kwanza kwenye timu mpya zilivyo, maana nyie mnaona picha ya jezi tu. Ni kama kuhamia ukweni: unga ni ule ule, lakini kila nyumba ina namna yake ya kusonga ugali, na hakuna atakayekueleza mara mbili. Timu yangu ya kwanza, adui akiweka skrini, yaani akisimama kumzibia njia beki anayemkaba mwenye mpira, mimi mkubwa nilirudi nyuma kulinda kikapu. Timu ya pili, kocha alitaka niruke mbele, nimkate mwenye mpira mpaka ageuze njia, halafu nirudi mbio kwa mtu wangu. Kichwa kilielewa siku ile ile. Miguu haikuelewa. Mpira unakuja, skrini inawekwa, mguu wa kulia unaanza kurudi nyuma wenyewe, unaushtua, unaupeleka mbele, na muda huo mpira umeshatoka mkononi mwa mrushaji. Filimbi inalia. "Tena." Ishara zenyewe zinachanganya: ngumi juu kule ilikuwa na maana yake, hapa ina nyingine kabisa.

Na kuna hili la kuongea, ambalo kwa watoto wetu ni gumu kuliko kukimbia. Huku beki mkubwa ndiye anayeona uwanja wote, kwa hiyo lazima apige kelele muda wote: skrini kulia, nyuma yako, mimi nina mpira. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na kijana mgeni anaogopa Kiingereza chake kuchekwa. Anacheza kimya. Kocha haoni adabu hapo, anaona mtu ambaye hajajifunza mbinu, na anamweka benchi. Nimeshuhudia vijana wazuri kutoka Afrika wakipoteza dakika kwa jambo hili tu. Nimemwambia binamu apige kelele hata akikosea neno.

Vyuo viwili vinamtaka. Kimoja ni kikubwa, jina lake mnalijua kutoka kwenye televisheni, na ndicho mnachokishangilia kwenye kundi. Kingine ni cha kati, hamjawahi kukisikia. Kile kikubwa kina senta, yaani mkubwa wa chini ya kikapu, anayerudi mwaka kesho na kimeshasajili mwingine. Kile cha kati wakubwa wake wote wawili wamehitimu, na kocha wake alimwambia kwa mfano halisi, akimwonyesha video ya mechi: hapa utasimama, hapa utapokea, hapa tutakuhitaji utoke. Kocha wa kile kikubwa alimwambia tu kwamba wanampenda. Shangazi, nakuomba umruhusu aende cha kati. Nimekaa naye kwenye simu tukitazama mechi nzima za timu zote mbili, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutegemea vipande vya kudanki vinavyowekwa mtandaoni, na sina wasiwasi na ninachokisema.

Kuhusu masomo, hofu yako ina msingi. NCAA inataka mchezaji wa daraja la kwanza anapoanza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Ukihama, chuo kipya ndicho kinachoamua masomo gani yahesabiwe, na somo lisiloingia kwenye shahada yako huko ni sawa na hukulisoma. Binamu anasoma uhandisi. Maabara za uhandisi mara nyingi ni mchana, na mazoezi nayo ni mchana. Vijana wengi hapo hubadilishiwa shahada wakapewa yoyote itakayokubali krediti zao, wakahitimu na karatasi isiyowasaidia. Nimemkataza asisaini chochote kabla hajapata kwa maandishi orodha ya masomo yatakayokubaliwa, kutoka kwa idara ya uhandisi yenyewe. Neno la kocha msaidizi halitoshi.

Vijana, zamu yenu. Ni kweli, tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na kuanzia msimu wa 2025/26 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia fedha wachezaji wake wa michezo yote, msimu huo wa kwanza hadi dola milioni 20.5 hivi. Sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume. Lakini binamu yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Viza hiyo inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje bila kibali ni kosa la uhamiaji. Akipiga picha ya tangazo la duka la magari hapa akalipwa, Mmarekani mwenzake anapata hela, yeye anaweza kupoteza viza. Hata Oscar, akiwa mchezaji bora wa taifa, ilibidi afanye kazi zake za matangazo timu ilipokwenda Bahamas, Agosti 2022, kwa sababu kule alikuwa nje ya Marekani. Kwa hiyo msimtumie picha za viwanja vinavyouzwa Buswelu. Chakula, kitanda na ada anavyo. Fedha ya kutuma hana, na kila mkimwomba anajiona mwanaume asiyefaa.

Upande wa viza, kuhama kwenyewe kunafanyika kwa utaratibu: chuo kipya kinampokea kwanza, ndipo ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo cha zamani inapohamisha kumbukumbu zake kwa tarehe waliyokubaliana, kisha anapewa I-20 mpya, hati ya chuo inayobeba viza yake ya mwanafunzi. Kiangazi hiki asije nyumbani kabla hilo halijakamilika. Najua shangazi ulishaanza kumtafutia kuku. Vumilia.

Jambo la mwisho, na hili wazazi wengi hawalijui. Mwaka wa kwanza kwenye timu mpya ni wa upweke. Waliomjua ameshawaacha, hawa wapya wana utani wao wa miaka mitatu ambao yeye haumo, na mmoja wao ndiye aliyepoteza dakika zake ili binamu acheze. Mezani anakaa pembeni. Atatabasamu kwenye video na kuwaambia yuko poa. Msimuulize amefunga pointi ngapi, hizo mtaziona wenyewe mtandaoni. Muulizeni anakaa na nani chumbani na amekula nini. Na mpigeni alfajiri ya huko, saa kumi na mbili, ambayo kwake ni saa tano ya usiku uliotangulia, au saa nne wakati wa baridi. Mkipiga jioni yenu yuko mazoezini na simu iko kwenye kabati.