Viatu, choo na kilomita tatu za kwanza

Busia, Jumanne jioni

Mwanangu Chebet,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimekaa juu ya gunia la raba huku wateja wakinisubiri. Umelipia mbio za kilomita 21 za Kampala za Novemba, zimebaki wiki tatu, na unauliza kama ununue viatu vipya, ule nini, ukibanwa na haja ufanye nini, na itakuwaje ukifika wa mwisho watu wanakunja mahema. Baba yako amesema mtoto huyu ana maswali mengi kuliko kilomita.

Tuanze na viatu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Usinunue vipya. Zile raba za kijivu ulizochukua kwangu Pasaka umeshazizoea, kimbia na hizo. Leo usiku zipindue. Bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, nipigie kesho nikutafutie nyingine kabla mzigo haujachaguliwa. Wiki tatu zinatosha kuzoea kiatu, wiki moja haitoshi. Na ukijaribu, jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, kwa sababu njiani itavimba hivyo hivyo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kampala ni milima, nawe unaogopa kupanda, lakini kucha zinaumizwa na kushuka: vidole vinagonga mbele kila hatua. Mwaka ule nilipokimbia kilomita 10 na akina mama wenzangu wa kanisa, nilivaa vipya, rangi ya waridi, vilinibana kidogo tu. Kucha mbili zikawa nyeusi na Krismasi haikuzikuta. Zako zikate siku tatu nne kabla, usingoje usiku wa kuamkia mbio.

Soksi na sidiria ziwe zile ulizokwisha kukimbia nazo mbali. Paka mafuta ya mgando kwapani, chini ya ukanda wa sidiria na kati ya mapaja, paka mengi bila aibu. Usipopaka utajua ukimwagiwa maji ya kuoga. Siku zako zikiangukia Jumapili hiyo ya mbio, kimbia tu kama huumwi, ila tumia kile ulichozoea.

Chakula kisikuumize kichwa. Jumamosi kula matoke au wali kama kawaida yako, punguza maharage na kabichi. Alfajiri, masaa mawili au matatu kabla ya kuanza, kunywa chai na bogoya mbili, zile ndizi mbivu, au mkate. Rolex ya njiani, ile chapati ya mayai, iache mpaka umalize. Chai inasukuma tumbo, ndiyo maana nataka uinywe mapema, ukiwa bado karibu na choo chako. Ukifika uwanjani nenda kwenye foleni ya choo hata kama huhisi kitu, na karatasi ubebe mwenyewe. Njiani kunywa ukisikia kiu, mafundo machache. Kujaza tumbo maji kupita kiasi nako kuna hatari yake. Dawa za maumivu usimeze eti kujihami, zinachoma tumbo na kulemea figo. Na ukiamka na homa, hukimbii. Nenda kapime malaria. Hilo sitaki tubishane.

Lakini jambo linalonitia wasiwasi mimi hukuliuliza: kilomita tatu za kwanza.

Unakumbuka Machi 2017, mbio za nyika za dunia pale Kololo? Ulikuwa shuleni, mimi nilikwenda na basi la watu wa kwetu Kapchorwa. Mkimbiaji wetu Kiplimo alishachukua dhahabu ya mbio za vijana, tumepagawa. Kisha Cheptegei, naye wa kwetu, akaingia mbio za wakubwa, akaachana na wenzake, tukasimama wote, wengine wanalia kabla ya wakati. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa. Jua lile, joto lile, na kelele zetu sisi tuliomsukuma. Wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30, akiyumba. Alikuwa na miaka 20 na alikuwa nyumbani, na nadhani kuwa nyumbani ndiko kulikomponza. Nawe utaanzia uwanja ule ule, muziki unapiga, wenzako wa ofisini wanakuangalia, na mwili umepumzika wiki nzima. Utajiona una mbawa. Hapo ndipo uzuie. Ukishindwa kuzungumza na jirani yako sentensi nzima bila kuhema, umeshapita kasi yako, punguza. Wakikupita waache, nusu yao utawakuta mbele wameshika kiuno. Mlimani tembea, tembea kwa haraka mikono ikifanya kazi. Hakuna anayekata alama.

Kuhusu kuwa wa mwisho: huyo huyo Cheptegei, mwenye rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 za mwaka 2020, alipojaribu marathoni yake ya kwanza Valencia, Desemba 2023, alikuwa wa 37. Saa 2:08:59. Kwetu Kapchorwa watu walinuna siku mbili hivi, kisha wakarudi shambani. Agosti iliyofuata akachukua dhahabu ya mita 10,000 Paris. Wewe hata huna rekodi ya kulinda, mama. Na wa mwisho huwa ni mzee fulani mwenye kofia ambaye kila mtu anampenda, sidhani atakuachia nafasi yake.

Jumapili hii kimbia kilomita 16, polepole. Inayofuata 10 au 12. Baada ya hapo ni vikimbio vifupi tu na kulala. Usijaribu kufidia ile wiki uliyougua mafua, imekwenda.

Nitashuka Kampala na basi la Jumamosi asubuhi, baba yako atabaki na duka. Nitasimama karibu na lango la kumalizia, upande wenye kivuli, nikiwa na leso ya manjano. Nitakuletea ndara, zile pana, maana hutataka kuona raba tena siku hiyo. Niambie tu kama mguu wako bado ni namba 39.

Mama