Santiago hadi Buenos Aires: maswali ya wasafiri

Kutoka Santiago ya Chile hadi Buenos Aires ya Argentina ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani?

Kwa anga ni kama kilomita 1,140. Ndege ya aina ya Airbus A320 hukata takriban kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya karatasini ni saa moja na dakika 22. Tiketi itakuandikia karibu saa mbili, maana muda huhesabiwa tangu ndege inapoacha geti hadi inaposimama upande wa pili. Kutambaa ardhini, kusubiri zamu, kupanda na kushuka vyote vimo.

Mbona kurudi Santiago kunachukua muda zaidi?

Upepo. Juu ya milima ya Andes huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. Ukiwa wa kilomita 150 kwa saa, ndege inayokwenda Buenos Aires husukumwa hadi 980. Ya kurudi inakwenda mbisho, inabaki na 680. Hapo tofauti ni nusu saa. Upepo huohuo ukigonga milima hupanda na kushuka kama mawimbi, ndiyo maana mtikisiko ni jambo la kawaida na mkanda unafungwa mapema. Kama unataka kuuona Aconcagua, mlima wa mita 6,961, kaa dirisha la kushoto ukienda na la kulia ukirudi.

Nibadilishe saa yangu?

Inategemea mwezi. Argentina haibadilishi saa, Chile hubadilisha. Kuanzia Aprili hadi mapema Septemba, Santiago iko nyuma kwa saa moja. Ukiruka Santiago saa nne asubuhi mwezi Julai, utashuka Buenos Aires saa saba mchana, si saa sita. Miezi mingine saa zao ni sawa.

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam ana bahati ya ajabu: Buenos Aires iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Acha saa yako ya mishale ilivyo, usome namba unayoiona. Mshale mfupi ukiwa kwenye 4 wakati kwao ni asubuhi, basi ni saa nne kweli.

Tiketi yangu inaonyesha AEP na EZE. Ni kiwanja kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege. AEP ni Aeroparque, ndani ya jiji, kando ya Río de la Plata. EZE ni Ezeiza, kama kilomita 30 nje ya katikati ya jiji. Ukitua kimoja na kuunganisha kingine, utapita uhamiaji, utachukua mabegi yako na kuvuka jiji zima kwa barabara, kwenye foleni. Chini ya saa tano kati ya ndege hizo mbili, usiinunue tiketi hiyo.

Je, basi?

Kilomita kama 1,400 kupitia Mendoza, takriban saa 20 na zaidi. Njia hupenya handaki lililo kwenye mita 3,200 hivi, na kati ya Juni na Septemba theluji inaweza kulifunga kwa siku kadhaa.

Naweza kuingia Chile na matunda?

Usijaribu. Matunda mabichi, mbegu, asali na nyama hukaguliwa na SAG, idara yao ya kilimo. Hata tofaa ulilopewa ndani ya ndege linahesabika. Kwenye fomu ya kuingilia, wanapouliza kama una vitu hivyo, weka "ndiyo": ukitangaza, watakunyang'anya kitu hicho tu, ukificha, ni faini.