Nondo wa rangi wa Madagaska: maswali yenu

Swali: Yule kipepeo wa Madagaska mwenye rangi nyingi anaitwaje kisayansi?

Jibu: Chrysiridia rhipheus, na si kipepeo, ni nondo. Nimeshalisema hili hapa mara nyingi, tafadhali someni majibu ya nyuma. Kweli anaruka mchana, na akitua hufumba mabawa juu ya mgongo. Lakini angalia vipapasio vyake: ni vyembamba mpaka nchani, havina kirungu kama vya kipepeo. Dru Drury, mtaalamu wa wadudu Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kumweleza kisayansi mwaka 1773, naye alimpanga na vipepeo, tena akidhani katoka China au Bengal.

Swali: Anatoboa nguo?

Jibu: Hapana. Anafyonza mbochi wa maua.

Swali: Ninaye mmoja kwenye fremu, nimemfuta vumbi akapauka. Nitumie dawa gani?

Jibu: Hakuna dawa. Kile kijani, bluu na wekundu wa dhahabu si rangi iliyopakwa. Ni mwanga unaorudishwa na vigamba vidogo vilivyopinda, ukidunda kutoka kigamba hadi kigamba. Mgeuze kidogo, kijani kinakuwa bluu. Ule unga uliobaki kwenye kitambaa ndio vigamba vyenyewe, na havioti tena. Na wewe unayetaka kununua herini za mabawa yake, acha. Uzuri huo ni wa mdudu aliye hai.

Swali: Nataka kumfuga. Viwavi niwape majani gani?

Jibu: Majani ya mmea uitwao Omphalea, basi. Usijaribu mchicha wala kabichi, watakufa. Madagaska ina spishi nne za mmea huo: tatu kwenye misitu mikavu ya magharibi, moja kwenye msitu wa mvua wa mashariki. Viwavi wakiushambulia mno, mmea huzidisha sumu kwenye majani. Sumu hiyo kiwavi huihifadhi mwilini hadi awe nondo, na rangi zake kali humwonya ndege asimguse. Lakini majani yakizidi ukali, hata viwavi hawayawezi. Ndiyo maana nondo wazima huhama makundi kwa makundi, wakivuka kisiwa kati ya magharibi na mashariki. Kizimba chako chenye kichaka kimoja kitampeleka wapi?

Swali: Basi si inatosha kulinda hifadhi moja kubwa ya mashariki?

Jibu: Haitoshi. Magharibi kukichomwa moto kupata mashamba, wa mashariki naye hana pa kuhamia. Zilindwe pande zote mbili.